Kinachouzwa Ni Ukimya wa Jirani

Nina kipokezi cha redio kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Nakichomeka kwenye kompyuta, nafungua programu yake, na skrini inaanza kuchora kilichomo hewani. Kila kituo kinachorusha kinatokea kama mstari wa njano, mwingine mnene, mwingine mwembamba kama uzi, na mistari yote inateremka polepole kadiri sekunde zinavyokwenda. Kwenye megahezi 88 hadi 108 stesheni za FM zimebanana. Nikipanda hadi megahezi mia tano na kitu nakuta televisheni ya kidijitali, vipande vipana vilivyokatwa kingo kama matofali. Na kati ya tofali na tofali, buluu tupu. Naweza kukaa saa nzima nikiitazama buluu hiyo na lisitokee hata doa.

Picha hiyo inaudhi. Kampuni za simu zinalia kila mwaka kwamba masafa hayatoshi, leseni zinanunuliwa kwa mabilioni, na hapa mbele yangu kuna uwanja mzima hauna mtu. Jibu linakuja lenyewe: wekeni soko. Mwenye masafa asiyoyatumia amuuzie au ampangishe anayeyahitaji, bei ipande na kushuka, kelele ziishe. Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Hata leo naamini nusu yake.

Nusu nyingine ilinitoka siku nilipojiuliza kipokezi changu kinasikia kwa sikio la nani. Kimekaa mezani, ndani ya kuta nne, na antena yake ni fupi kama kalamu. Mtu wa nyumba ya tatu ana antena ndefu juu ya paa, ameielekeza kwenye mnara ulio mbali, na ndani ya buluu ileile ninayoiona tupu yeye anatazama taarifa ya habari. Mimi simsikii mnara wake. Nikianza kurusha kitu hapo kwa kuwa nimeona pamenyamaza, nitamvurugia picha, na sitakaa nijue, kwa sababu televisheni yake inapokea tu, haitoi sauti ya kujitambulisha. Wahandisi wana jina la hali hii, kituo kilichojificha, lakini jina halipunguzi ugumu wake. Katika redio anayeumia ni msikilizaji, na msikilizaji haonekani.

Ndiyo maana nasema mijadala mingi kuhusu soko la masafa inaanzia pasipo. Tunazungumza kana kwamba kuna bidhaa inayoitwa masafa, imepangwa kwenye rafu, na tatizo ni nani ameifungia stoo. Mnara hauhitaji kununua kitu ili urushe mawimbi. Umeme na antena vinatosha. Kinacholipiwa ni wengine kunyamaza, mahali fulani, kwa muda fulani, chini ya kiwango fulani cha nguvu. Mnunuzi wa leseni ananunua ukimya wa jirani zake. Ukilitazama hivyo, utaona kwa nini soko hili limefaulu sana pale lilipofaulu, na kwa nini sehemu yake iliyotabiriwa kwa shangwe kubwa zaidi haikuzaliwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1951 mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Chicago, Leo Herzel, aliandika kwamba masafa yatolewe kwa anayelipa zaidi. Miaka minane baadaye mchumi Ronald Coase alilichukua wazo hilo, akaliandikia makala ndefu kuhusu FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, kisha akaenda mbele ya tume hiyohiyo kulieleza. Mmoja wa makamishna alimuuliza kama huo wote ni utani. Coase alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1991, kwa hiyo tunaweza kusema utani huo ulikuwa na mashiko.

Watu humkumbuka Coase kwa neno mnada, lakini mchango wake mzito ulikuwa mwingine. Aliona kwamba madhara yana pande mbili. Kituo A kikimvuruga B, sheria ya kawaida inasema A ndiye mkosaji, anyamazishwe. Coase akauliza: na A akinyamazishwa, nani amemdhuru nani? Wawili hawa wanagombea ukimya mmoja, na la kuangalia ni nani anaunufaikia zaidi. Kama haki zimeandikwa vizuri na mazungumzo hayana gharama kubwa, wataelewana wenyewe: mmoja atamlipa mwenzake apunguze nguvu, ageuze antena, au ahame chaneli.

Kila kitu kimo ndani ya neno "kama".

Serikali hazikukimbilia ushauri huo. Marekani iliendelea kwa miongo kugawa leseni kwa vikao vya kusikiliza waombaji, kila mmoja akija na wanasheria wake kueleza kwa nini yeye ndiye anayefaa umma kuliko wote. Vikao vikawa havimaliziki, ikaja bahati nasibu. Mwaka 1989 kikundi cha madaktari wa meno kilishinda leseni ya simu za mkononi ya Cape Cod kwenye bahati nasibu hiyo, na hakikuchelewa kuiuza kwa kampuni ya simu kwa zaidi ya dola milioni 40. Soko lilikuwepo, ila serikali ndiyo ilikuwa imejitoa na kuwaachia walanguzi faida.

New Zealand ikatangulia na mnada, mwaka 1990, kwa kanuni ya bei ya pili: mshindi ni mwenye dau kubwa, lakini analipa dau la anayemfuata. Kanuni nzuri darasani. Kampuni moja ilitoa dau la dola 100,000 za huko ikalipa dola 6. Nyingine ilitaja milioni 7 ikalipa 5,000. Mwanafunzi mmoja aliweka dola 1 kwa leseni ya televisheni ya mji mdogo, hakukuwa na mpinzani, akaondoka nayo bure. Wananchi wakaona kwa macho yao thamani ambayo serikali imeiacha mezani, na hilo halisameheki kirahisi hata kama wachumi wanakuhakikishia kwamba leseni imefika kwa mwenye kuihitaji.

Julai 1994 FCC ikafanya mnada wake wa kwanza kwa muundo uliobuniwa na Paul Milgrom, Robert Wilson na Preston McAfee: leseni zote zinauzwa kwa pamoja, raundi baada ya raundi, kila mtu akiona madau ya wengine, na hakuna leseni inayofungwa mpaka zote zitulie. Ukaingiza dola milioni 617. Milgrom na Wilson walipata Nobel mwaka 2020. Muundo huo ukasambaa duniani, na kwa kazi ya kugawa vipande vikubwa kwa miaka mingi sijaona ulioushinda kwa uwazi.

Lakini hata hapo, kila aliyeona dau la mwenzake aliweza pia kulitumia kama barua. Kwenye mnada wa Marekani wa 1996 na 1997, kampuni za simu US West na McLeod zilikuwa zinagombania leseni namba 378, ya Rochester, Minnesota. Madau mengi yalikuwa yanatajwa kwa maelfu kamili. Ghafla US West ikaingia kwenye leseni mbili za Iowa ambazo haikuwa imezigusa, na ambazo McLeod alikuwa anaongoza, na dau zake zilikuwa dola 313,378 na dola 62,378. Soma tarakimu tatu za mwisho. McLeod alizisoma, akaacha kugombania Rochester. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna kikao cha gizani. Bei yenyewe ilikuwa mdomo.

Naisimulia habari hii kwa kuwa inafundisha jambo ambalo wapenzi wa soko hulipita haraka: mnada wa masafa ni mashine, na kila skrubu yake ina mtu anayetafuta namna ya kuilegeza.

Sasa, leseni hizi kubwa zinakupa haki ya eneo pana kwa miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Kampuni inajenga minara mjini, kwenye barabara kuu, basi. Kwingineko leseni inabaki kwenye karatasi, ukimya umelipiwa na hautumiki. Penye miti hapana wajenzi. FCC ilifungua mlango wa kupangishana masafa kuanzia 2003, na biashara hiyo ipo, lakini kwa sehemu kubwa ni kampuni kubwa zikipangishana vipande vikubwa. Mwenye kiwanda anayetaka megahezi 10 ndani ya uzio wake hapati wa kuongea naye. Kwa kampuni ya simu, mkataba wa mteja kama huyo unakula saa za wanasheria kuliko kodi atakayolipa, na tena anaweza kugeuka kesho akawa mpinzani. Kuhodhi kunakuwa ndiyo busara.

Hapo ndipo watafiti walipoota ndoto kubwa. Tangu Joseph Mitola alipoeleza mwaka 1999 redio yenye akili, inayosoma mazingira yake na kubadili chaneli yenyewe, machapisho yalifurika kuhusu minada ya papo kwa papo: redio yako inataka kutuma video, inatoa dau, inapewa chaneli kwa sekunde chache, inalipa, inaondoka. Hakuna mwanasheria, hakuna leseni ya miaka. Mahitaji ya saa hii yanakutana na nafasi ya saa hii.

Sina kejeli na ndoto hiyo. Hesabu zake ni nzuri mno. Ila chukua mfano mdogo kabisa uone zinavyouma. Kuna chaneli moja na wateja watatu kwenye mstari: A, B katikati, C. B anavurugana na A na pia na C, lakini A na C wako mbali, wanaweza kutumia chaneli moja bila kusikiana. Kwa A chaneli ina thamani ya 5, kwa B 8, kwa C 5. Kwenye mnada wa ng'ombe B anashinda. Kwenye redio, kuwapa A na C kunaleta thamani ya 10, hivyo wao ndio wapewe. Walipe kiasi gani? Kanuni ya Vickrey, ile inayomfanya kila mtu atamke thamani yake ya kweli, inasema kila mshindi alipe hasara aliyowasababishia wengine. A asingekuwepo, B angepata 8; A alipokuwepo, waliobaki wamepata 5 ya C. A analipa 3. C naye vilevile 3. Jumla 6, wakati B alikuwa amesimama pale na 8 mkononi.

Afadhali hilo. Sasa A na C wakubaliane nje ya ukumbi kila mmoja atangaze 8. Hesabu ileile inakuja hivi: 8 ya B kutoa 8 ya mwenzake, sifuri. Wote wawili wanachukua chaneli bure. Wala si lazima wawe watu wawili; inaweza kuwa kampuni moja iliyojisajili kwa majina mawili. Ukitaka kuziba tundu hilo kwa kanuni nyingine, unapoteza ukweli wa madau au unapoteza ufanisi. Na hapo tuna wateja watatu. Ukiwa na elfu tatu, swali la nani akae na nani kwenye chaneli ipi linakuwa lile tatizo maarufu la kupaka rangi ramani isiyo na majirani wa rangi moja, ambalo kompyuta haina njia ya mkato ya uhakika ya kulimaliza.

Limewahi kumalizwa kwa vitendo, mara moja, kwa ukubwa wa kutisha. Mnada wa 2016 na 2017 wa Marekani ulinunua masafa kutoka kwa vituo vya televisheni, ukavisogeza vilivyobaki kwenye chaneli nyingine, kisha ukauza nafasi iliyopatikana kwa kampuni za simu. Vituo vilikaribia 3,000 na masharti ya nani asikae na nani yalikuwa kama milioni 2.7. Kevin Leyton-Brown na wenzake waliandika programu mahsusi ya kujibu swali moja tu, tena na tena, maelfu kwa maelfu ya mara: je, vituo hivi bado vinaenea? Megahezi 84 zilikombolewa, 70 kati yake zikauzwa, dola bilioni 19.8 zikapatikana, kama bilioni 10 zikaenda kwa wenye televisheni. Nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa ambazo uchumi na kompyuta zimefanya pamoja. Lakini Bunge la Marekani liliuidhinisha mwaka 2012, na kuhamisha vituo baada ya mnada kulichukua miezi 39. Kazi ya miaka minane kwa muamala mmoja. Huo hauwezi kuwa mfano wa soko la kila dakika.

Kuna na ukuta mwingine, wa nadharia. Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha mwaka 1983 kwamba muuzaji mmoja na mnunuzi mmoja, kila mmoja akijua siri ya bei yake mwenyewe tu, hawawezi kuwekewa utaratibu unaohakikisha kila biashara inayofaa inafanyika, bila mtu wa tatu kutia pesa zake. Kwenye soko lenye umati ukuta huo hupungua urefu. Soko la masafa kwa maeneo madogo ndilo haswa halina umati: ni mwenye leseni mmoja na mwombaji mmoja, wanatazamana.

Na zaidi ya hesabu, kuna biashara yenyewe. Hakuna mwenye akili timamu atakayejenga mtandao wa hospitali au wa bandari juu ya chaneli ambayo saa nane mchana inaweza kupanda bei mara tatu. Mtu anayewekeza kwenye minara anataka kujua kesho atakuwa na nini. Soko la sekunde halikufa kwa kukosa teknolojia. Lilikosa mteja.

Kilichozaliwa badala yake kinaonekana vizuri kwenye bendi ya megahezi 3550 hadi 3700 nchini Marekani, inayoitwa CBRS. Hapo wenyeji ni rada za meli za kivita. Hawahami. FCC ikaweka matabaka matatu: wenyeji juu kabisa; chini yao wenye leseni za kipaumbele walizonunua; chini kabisa wapita njia, yeyote mwenye kifaa kilichoidhinishwa, bila leseni ya kununua na bila kulindwa dhidi ya kuvurugwa na wapita njia wenzake.

Leseni za kipaumbele ziliuzwa mwaka 2020. Kila moja ni megahezi 10, kwa kaunti moja, kwa miaka 10. Kila kaunti ina saba, na hakuna anayeruhusiwa zaidi ya nne. Zilichukuliwa 20,625 kwa takriban dola bilioni 4.6. Walionunua si kampuni za simu tu. Hata Deere, watengenezaji wa matrekta, walinunua za kaunti chache kwa ajili ya viwanda vyao. Eneo lilipopunguzwa, aina ya mnunuzi ikabadilika.

Lakini mnada si kiini chake. Tazama kituo kimoja kilichofungwa juu ya paa la ghala. Kabla ya kurusha chochote kinajiandikisha kwenye mfumo wa kompyuta unaosimamia bendi: mahali kilipo, urefu wa antena, uelekeo wake. Mfumo unapiga hesabu ya nani yuko karibu, kisha unakipa chaneli na kiwango cha nguvu. Ruhusa hiyo ni ya dakika chache. Kituo kinarudi kuuliza: bado? Kinajibiwa: bado, endelea. Kinauliza tena. Mchana na usiku, maswali na majibu yasiyo na mwisho kati ya paa na kompyuta, na jibu lisipokuja ruhusa inakufa yenyewe.

Pwani kumefungwa vitambuzi vinavyosikiliza jambo moja tu, mlio wa rada. Meli inakaribia na kuwasha. Kitambuzi kinasikia, kinapeleka habari. Ndani ya sekunde 300 mfumo unatakiwa uwe umethibitisha kwamba vituo vyote vinavyoweza kuivuruga ama vimezimwa ama vimehamishiwa chaneli nyingine. Kituo cha paani kikiulizia zamu hii kinaambiwa: nyamaza. Kina sekunde 60 za kutii. Mfanyakazi wa ghala anayesoma msimbo wa mzigo kwa kifaa cha mkononi haoni kitu, au anaona kimesita kidogo. Meli ikipita, maswali yanaanza upya.

Na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote: mwenye leseni ya kipaumbele asipoitumia chaneli yake mahali fulani, wapita njia wanaitumia bila kumwomba. Hawamlipi. Hawamtafuti. Mfumo unajua hayupo, unawapa. Akija kujenga, wanaondolewa. Tumia au shirikisha.

Linganisha na ndoto ya mnada wa sekunde. Zote mbili zinataka nafasi isiyotumika ipate mtumiaji. Ndoto ilitaka kila nafasi iuzwe. CBRS imeuza kitu kimoja tu, haki ya kutangulia kwenye foleni, na nafasi inayobaki ikaiacha igawanywe na daftari. Kwa maoni yangu hapo ndipo mstari unapopaswa kupita. Bei inafanya kazi nzuri ya kuamua nani atangulie pale watu wanapogombana kweli. Kuilazimisha iamue kila nafasi inayolala ni kuipa kazi ambayo gharama ya kuifanya inaizidi thamani ya kitu chenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari ndilo limeleta mali.

Wapo watakaosema: basi kwa nini kuuza hata hiyo ya kutangulia? Wi-Fi haikununua kitu. FCC ilifungua bendi zake mwaka 1985, ikiwemo ile ya gigahezi 2.4 (yaani megahezi 2,400) inayotumiwa na majiko ya mikrowevu, na leo sehemu kubwa ya intaneti inapita humo. Kifaa cha Wi-Fi kinasikiliza kwanza, kikikuta kimya kinatuma. Ni kweli, na nisingependa mtu yeyote aje kupiga mnada bendi hizo. Lakini Wi-Fi inaishi kwa sababu nguvu zake ni ndogo na kuta zinaisaidia. Ukuta wa jirani yako ni mdhibiti wa bure. Ukitaka mawimbi yavuke kilomita, au yahudumie mashine isiyovumilia kusubiri, kuta hazikusaidii tena na adabu ya kusikiliza kwanza haitoshi, maana tumeshaona sikio la anayerusha linavyodanganya. Hapo lazima mtu anyamazishwe kwa mamlaka, na anayenyamazishiwa wenzake alipe.

Pingamizi la hazina ni zito zaidi kisiasa. Miezi michache baada ya mnada wa CBRS, FCC iliuza megahezi 280 jirani yake, kuanzia 3700 hadi 3980, kwa dola bilioni 81. Kwa kila megahezi hiyo ni zaidi ya mara nne ya CBRS. Waziri wa fedha hahitaji kuelezwa mara mbili: leseni kubwa, nguvu kubwa, hakuna mwenyeji wala mpita njia, ndizo zinazojaza sanduku. Lakini bei ya leseni inapima ukimya ulionunuliwa, na sehemu ya bei hiyo ni thamani ya mpinzani kutokuwepo. Mtu anayelipa ili mwingine asiingie sokoni pia anatoa dau zuri.

Tena fedha hizo zote hazikununua ukimya kamili. Januari 2022, minara ilipokuwa tayari kuwashwa, mamlaka ya anga ya Marekani ilisimama: vipimo vya urefu vya ndege, vinavyotumia gigahezi 4.2 hadi 4.4, vingine vilikuwa vinasikia masafa yasiyo yao. Kati ya bendi hizo mbili kulikuwa na nafasi ya megahezi 220. Minara haikuvunja sharti lolote la leseni. Vipokezi ndivyo vilikuwa na milango wazi, vilitengenezwa enzi ambazo upande ule kulikuwa na minong'ono ya setilaiti tu. Uwashaji karibu na viwanja vya ndege ukacheleweshwa, nguvu zikapunguzwa, na ndege zikatakiwa zifungwe vichujio au vipimo vipya. Leseni iliyouzwa kwa mabilioni ilieleza kwa undani mnara unaruhusiwa kurusha nini, na ikanyamaza kuhusu kipokezi cha jirani kinatakiwa kuvumilia nini. Coase alitaka haki ziandikwe kwa ukamilifu kabla ya kuuzwa. Tumeandika nusu yake kwa miaka zaidi ya thelathini ya minada.

Vipokezi vibovu vina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni idara ya serikali au mtumiaji mkongwe asiyelipa bei ya soko kwa ukimya anaoufaidi. Uingereza ililishika hili mapema kuliko wengine. Sheria ya 1998 ilimruhusu mdhibiti kutoza ada inayokisia thamani ambayo masafa yangekuwa nayo mikononi mwa mtu mwingine, na wizara ya ulinzi nayo inalipa. Pesa zinatoka mfuko mmoja wa serikali kuingia mwingine, wengine huziita mchezo wa kuigiza. Lakini ankara ikifika mezani, lazima kuwe na ofisa wa kueleza kwa nini bendi fulani bado inahitajika. Mwaka 2018 Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, ilipiga mnada megahezi 190 zilizokuwa za jeshi, kwenye bendi za gigahezi 2.3 na 3.4, zikaingiza zaidi ya pauni bilioni 1.3.

Kwenye pwani za Marekani hakuna ankara kama hiyo kwa rada ya bendi ya CBRS. Vitambuzi vinavyoilinda navyo vinahitaji kimya ili visikie, kwa hiyo kuzunguka kila kimoja kuna eneo ambalo vituo vya CBRS vinabanwa kunong'ona, hata siku ambayo hakuna meli. Wanaobeba gharama ya ukimya huo ni wenye leseni waliolipa na wapita njia wasiolipa. Mwenye rada hana cha kulipa, na hakuna anayemuuliza kama angeweza kusikia vizuri kwa kipokezi kinachochuja zaidi masafa yasiyo yake.